Dauda na Inyamanza ya Baba Mukwe

Kama unapanda njia ya Nengo asubuhi, utasikia kapori ya Dauda mbele ya kuiona. Kwanza ni kajito, inaongea yenyewe chini ya majani. Halafu ni ndege. Halafu, kama ukungu ya ziwa haijaondoka, utasikia mashini ya kushona, tak tak tak, ndani ya ile weupe, na utafikiri ni ndege ingine tena. Mama moja ya kuuza samaki alisimama karibu yangu, beseni kwa kichwa, akasema, "Ile ndege inalia kama mutu anashona." Nikamwambia, mama, ile ni mutu anashona. Akanikatalia. Akaenda zake na ndege yake.

Mi ni konvayeri kwa lori ya Muhamadi. Kazi yangu ni kupakia mizigo, kushusha mizigo, na kugombana na watu juu ya fasi ya kukaa. Mambo ya ndege sikuwa nayo. Lakini Dauda namujua, sababu kule Majengo, mutaa ya Waswahili ya Gisenyi, nyumba yake na yangu ilikuwa na ukuta moja katikati, ukuta ya udongo, nyembamba kama shuka. Mutu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Donc, basi, haya nasema hapa, ingine niliona na macho, ingine nilisikia kwa ile ukuta.

Dauda ni mutoto ya Majengo kabisa. Baba yake alitoka Ujiji na mizigo ya tajiri kwa kichwa, akafika Gisenyi, akaona ziwa, akasema basi, miguu imechoka. Mutoto akajifunza kushona kwa baraza ya Muhindi. Ni mutu murefu, mwembamba, anaongea pole pole, na kitu yoyote anaiangalia na jicho moja imefungwa, kama vile anaingiza uzi kwa sindano. Mi naweza kukasirika, kupigana na kupatana tena na mutu mbele Dauda amalize kusema habari ya asubuhi.

Bibi yake alimupata kwa kipimo. Muzee Munyaneza, mukristu ya Nyakiriba, alishuka mujini na binti yake Mukantwari amushonee robe, gauni ya Noël. Dauda akapima mukono ya musichana, akaandika na chaki, akasahau, akapima tena. Akasahau tena. Musichana akamwambia, "Fundi, mukono yangu haijakua tangu asubuhi." Watu yote ya baraza wakacheka, na Dauda alikuwa amekwisha.

Munyaneza hakutaka. Binti ya mukristu, karibu na misioni ya Nyundo, aolewe kwa Waswahili? Lakini binti alikaa chini, akakataa kula, na muzee akapokea ng'ombe ya mahari na uso kama mutu anapokea dawa chungu. Mukantwari akaja Majengo.

Shida ilikuwa ile ukuta. Kwabo, ukifungua mulango asubuhi unaona vilima, moshi ya majirani, na pori ya Gishwati mbali, nyeusi. Kwetu, unafungua mulango unaona ukuta ya mutu ingine, na paka juu yake. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Niliisikia yote mbili, mi nikalala na blanketi kwa masikio. Mama yake akashuka kutoka Nyakiriba, akaangalia kila kona ya nyumba, akauliza kitu moja tu: "Hii udongo, nani aliwapa?"

Nieleze kidogo hapa. Kwa watu ya vilima, haujengi tu vile unataka. Unaita kwanza mutu ya ukoo ya wenye udongo, wanamwita umuse, anakupa ile fasi na kukubariki. Halafu munangojea inyamanza. Ni kandege ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, inatembea chini na kutikisa mukia, haina haraka, haiogopi mutu. Ikija kutembea mbele ya mulango, nyumba imekubaliwa. Watu ya ukoo ya Abagesera, moja ya zile koo ya wenye udongo, wanasema ni ndege yao kabisa, na Munyaneza ni Mugesera. Bon. Kwetu Majengo, udongo tulipewa na karani na kamba ya kupima. Na inyamanza itembee wapi, katikati ya watoto na manati na paka?

Mukantwari akafunga mukeka yake. Hakulia. Nilimusikia, "Mi sikimbie we, Dauda. Nakimbia ile ukuta." Na juu ukuta ilikuwa nusu yangu, mi nikaipiga teke upande yangu, udongo ikaanguka kwa sufuria.

Sasa, bibi akirudi kwabo, desturi inajulikana. Bwana anamufuata na pombe, wakwe wanakunywa, wanamusemasema, anakubali makosa hata kama hana, anarudi na bibi yake. Dauda akavaa kanzu ya Idi, akapanda Nyakiriba na chai na sukari. Nilimusindikiza, kwa kubeba sukari.

Munyaneza akafungua ile pakiti, akanusa.

"Hii ni nini, mukwe?"

"Ni chai, baba."

"Kwani mi ni mugonjwa?"

Mashemeji wakaanza kucheka ndani ya mikono. Dauda akasema pole pole, "Dini yangu hainiruhusu kubeba pombe, baba. Unanijua."

"Nakujua. Njo maana siombi pombe." Muzee akakaa muzuri kwa kiti yake ya chini. "Nitakuomba kitu dini yako haikukataza. Leta inyamanza."

"Nikukamatie?"

"Ukimugusa na kidole, usirudi hapa. Mi nataka aje yeye mwenyewe, na miguu yake, atembee kwa mulango yako, na mi niwe pale nione. Siku ile utachukua bibi yako. Ile chai acha, mama yao ataikunywa."

Kwa njia ya kurudi mi nilikuwa nawaka. Nilimwambia Dauda ile muzee anamuchezea, turudi tumwambie maneno. Dauda alikuwa anatembea tu, jicho moja imefungwa. Halafu akasema, "Ndege inataka pori."

"Nini?"

"Ndege inakaa fasi kuna miti, Kadiri. Majengo hakuna hata muti moja. Tutapanda miti."

Aliniweka ndani ya ile "tutapanda" bila kuniuliza, na mi nikakubali. Sote wawili ni watoto ya mujini. Tuliona ile maneno iko na akili.

Baba yake alimuachia kashamba kule Nengo, kwa mutelemuko, na chemchemi inatoka kati ya mawe. Zamani ilikuwa kapori kweli, wazee wanasema kima zilikuwa zinashuka kunywa maji pale. Wakati ya vita ya wazungu watu waliikata, kwa makaa, kwa kuchoma matofali, mpaka ikabaki visiki na majani ya mbuzi. Dauda akajenga pale kanyumba kadogo, akahamisha mashini, akaanza.

Umuvumu ni muti ya ajabu. Unakata tawi ngumu kama mukono, unaichomeka kwa udongo wakati ya mvua, unaenda zako, inaota. Umuko ni vile vile, na hiyo inatoa maua nyekundu kama kitambaa ya kofia ya fezi. Mi nilikuwa naomba matawi kwa watu ya barabarani, nayapakia juu ya magunia ya viazi, Muhamadi analalamika eti lori yake imekuwa uzio. Dauda aliyapanda kwa mustari, kama anapiga pindo, umbali moja, umbali moja. Mbuzi ya jirani yake, mama Nyiramana, ikaja kula mustari yote.

Nyiramana ni mama moja mujane, mudogo, na ulimi kama wembe. Akasimama kwa uzio na fimbo yake. "Fundi, unashonea mulima kaptula? Mbuzi yangu imeona ni fupi, imeifumua."

Mi nilitaka kufunga ile mbuzi kwa lori na kuipeleka Ruhengeri. Nilishashika kamba kabisa. Dauda alinitoa kamba kwa mukono, akamushonea Nyiramana blauzi, akapanda tena. Mara hii bila mustari, huku na kule, vile mukono inaanguka. Nyiramana akafunga mbuzi, na akaanza kutupa mavi ya ile mbuzi upande ya Dauda, asubuhi na asubuhi, akisema ni taka tu anatupa.

Na hapo, sijui niseme namna gani, ile fasi ikaanza kuota ndoto. Unaenda leo, ni vijiti. Unaenda safari ya Kisoro, unarudi, vijiti iko na masikio ya kijani. Mvua ingine, unaingia na unainama. Dauda hakukata kitu, hata jani moja. Aliogopa kushitua ndege. Majani ikapanda mpaka kwa dirisha, majani ya kuanguka ikajaa mpaka kwa mulango, kiatu ilikuwa inazama. Wateja wakapiga kelele, kanzu yangu iko wapi, suruali ya harusi iko wapi, na yeye amekaa kwa kizingiti, suruali ya harusi kwa magoti, anaangalia kitu juu.

Kwanza zilikuja ndege ya mukia ndefu, rangi ya kaki ya kufuliwa sana, zinatambaa ndani ya matawi kama panya. Umuko ilipotoa maua, ikaja kandege ya mudomo kama sindano iliyopindwa, na kifua inabadilisha rangi, mara kijani, mara moto. Dauda akasema ni satini. Zikaja kwerea za manjano, zinashona nyumba zao kwa matete ya kajito, na ile siku Dauda hakufanya kazi kabisa. Alikaa akiangalia ile midomo inaingia na kutoka. "Angalia, Kadiri," akasema, "inapiga fundo bila kidole." Jioni, Nyiragongo, ile mulima ya moto, ikianza kuwasha mawingu kwa upande ya Goma, korongo moja ya kijivu alikuwa anakuja kusimama kwa maji, mabega juu, kama mutu anangojea karani afungue ofisi. Hata fisi-maji, ile nyama ya majini wavuvi wanaichukia juu inapasua nyavu, ilipanda kutoka ziwani, ikaoga kwa chemchemi, ikatuangalia, ikaenda.

Inyamanza haikuja.

Mukantwari alikuwa anakuja. Hii watu mingi hawajui. Siku ya soko alikuwa anashuka na maharagi yake, akimaliza anazunguka kwa Nengo. Lakini bibi aliyerudi kwabo haingie kwa bwana mbele ya kuchukuliwa, ni haya kubwa. Donc alikuwa anakaa ngambo ya kajito, juu ya jiwe, na Dauda ngambo hii na kazi yake. Maji katikati, unaweza kuiruka bila kukunja nguo. Hawakuiruka.

Walikuwa wanaongea ndege tu. Mukantwari anasema jina vile watu ya kilima wanaiita, Dauda anasema kitambaa.

"Ile ya mukia ndefu ni umusure."

"Ni kaki."

"Ni umusure, Dauda. Anakula mapera ya watu."

"Anakula mapera na kaki yake."

Alikuwa anacheka mukono kwa mudomo. Halafu wananyamaza, majani inaanguka kwa maji, inapita kati yao, moja, na ingine, mpaka jua ikafika nyuma ya mawingu ya Goma na yeye akanyanyua kapu. Mi nimeona harusi mingi ya ngoma na magari. Sijaona watu wamekaa pamoja vile.

Halafu habari ikashuka kutoka Nyakiriba. Viateur, mutengenezaji baiskeli ya Nyundo, amemuzungumuzia Munyaneza habari ya kuoa Mukantwari. Mukristu, anakunywa pombe kama watu, na ana baiskeli yake. Munyaneza akatuma maneno: mutama ikivunwa na inyamanza haijaonekana, anarudisha ng'ombe, na ndoa imekwisha.

Niliondoka kazini, nikashuka kwa ziwa fasi mitumbwi inavutwa. Inyamanza zilikuwa pale, kwenye mchanga mweupe, wazi kabisa, zinatembea kati ya wavuvi na samaki. Nikakimbia kwa Dauda. "Kapu moja na uzi yako, nakuletea mbili. Tutafunga muguu, muzee hataona."

"Ataona."

"Basi muache bibi yako aende kwa baiskeli."

Hakukasirika, na hiyo njo inanikasirisha kuliko yote. Akasema, "Zile za ziwani zinapita tu, zinafuata samaki. Yangu itakuja kwa miti. Labda miti bado kidogo." Na akaenda kuchomeka tawi ingine.

Mutama ikavunwa.

Asubuhi ile Mukantwari akafika peke yake, mbele baba yake afike, na akavuka kajito. Dauda akasimama na sindano mudomoni. Mi nilikuwa pale, lori iko garage.

"Sikuingia nyumba," akasema. "Niko inje. Baba anakuja na ng'ombe. Hatakuta mulango yangu vile, kama ya mutu aliyekufa. Leta jembe."

Na akafagia. Nimeona wanawake wakifagia, lakini hii ilikuwa vita. Aliondoa majani ya miaka, akang'oa nyasi kutoka kwa mulango mpaka kwa maji, akakata vichaka vidogo Dauda alikuwa anavipenda kama watoto, akamwaga maji, akakanyaga udongo na miguu mpaka ikawa sawa kama meza. Dauda alikuwa anamufuata nyuma, anasema pole pole, "Utawafukuza. Mukantwari, utawafukuza yote." Akazidi kufagia. Jasho ilikuwa inamushuka, na machozi nafikiri, lakini kwa uso moja haviachani.

Munyaneza akafika anavuta ng'ombe, na Nyiramana nyuma yake, juu hakutaka kukosa. Muzee akasimama. Aliangalia miti. Aliangalia juu, tena juu, kofia ikaanguka, akaiokota.

"Ni we ulipanda hii?"

"Ni mi, baba."

Akavuta kamba ya ng'ombe. "Neno ni neno," akasema, lakini sauti haikuwa ile ya siku ya chai. "Ng'ombe yako ni hii. Inyamanza sioni."

Ng'ombe ilikuwa imetoka mbali, imechoka, ikasimama katikati ya ile uwanja muzuri ya Mukantwari, ikanyanyua mukia, ikaachilia. Inzi zikaja. Mukantwari akashika ufagio kwa kuondoa, halafu akaacha, mukono ikabaki hewani.

Juu kutoka kwa mawe ya chemchemi kitu ilishuka, kidogo, ikaruka chini chini kama jiwe la kurusha juu ya maji, ikatua. Nyeusi na nyeupe. Ikatikisa mukia. Ikatembea pole pole kati ya miguu ya ng'ombe, ikakula inzi, ikatembea tena mpaka kwa mulango ya Dauda, ikasimama kwa kizingiti, ikaangalia ndani, kama mutu anauliza watu wamelala ama vipi.

"Kanzu nyeupe," Dauda akasema polepole sana, "na kizibao nyeusi. Baba, ndege ya ukoo yako anavaa kama sisi."

Muzee hakucheka. Alikuwa na ile kamba kwa mukono. "Alifuata ng'ombe yangu," akasema.

"Ng'ombe yangu, baba. Umeshanirudishia."

"Kamba iko bado kwa mukono yangu."

"Donc ni yako."

"Ni yangu."

"Basi mahari haijarudi, na ndoa iko."

Munyaneza akaangalia kamba, akaangalia ndege, akaangalia binti yake amesimama na ufagio kama askari na bunduki. Nyiramana akasema kutoka kwa uzio, "Muzee, chukua ng'ombe uende, mbele haijaachilia tena."

Ile njo ilimuvunja. Alicheka mpaka akaketi juu ya kisiki. Halafu akaomba maji, akayanyunyiza kidogo kwa udongo mbele ya mulango, na akasema maneno ya umuse, ile ya kupeana fasi, ya chini chini, na mi sikuyasikia yote. Akaomba na chai. Akakunywa kikombe na kikombe, sukari mingi, akaondoka na ng'ombe yake, na Viateur akabaki na baiskeli yake.

Baada ya watu kwenda, Dauda alikuwa bado anaangalia ile udongo wazi. Anafikiri pole pole, nilishasema.

"Haipendi pori," akasema.

"Haipendi," Mukantwari akasema. "Inataka fasi imefagiwa, na maji, na ng'ombe. Kila mutoto ya kilima anajua."

"Miaka yote umekaa pale kwa jiwe."

"Nilikaa."

"Na hukuniambia."

Alikuwa anaokota mukeka yake, ile ile aliyoondoka nayo Majengo. "Ningekuambia," akasema, "ungepanda miti?" Na akaingia ndani.

Ukipita leo utaona. Uwanja yao wanafagia nusu. Nusu ya upande ya mulango ni wazi, safi, inyamanza inatembea pale kama mwenye nyumba. Nusu ingine majani inaanguka na hakuna anayeigusa, hata Nyiramana alikatazwa. Katikati, mustari kati ya hizi mbili, Mukantwari anaupiga kila asubuhi na ncha ya ufagio, na umenyooka kabisa, kama pindo.